Kitoweo Kiwe Chakula: Shajara ya Miezi Sita, Kisumu

Jumapili, 9 Februari 2025

Naanza kuandika leo kwa sababu mwaka jana nilijaribu bila kuandika, nikashindwa, na mpaka sasa sijui vizuri nilishindwa siku gani na kwa nini.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko soko la Kibuye, nyumbani ni Manyatta, pamoja na Baba Atieno na watoto wetu watatu. Wiki iliyopita nilipimwa kliniki. Sukari ya asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni ilikuwa 6.4 (milimoli kwa lita). Kipimo kingine, HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kilisema asilimia 6.3. Daktari akanichorea mstari wa hicho kipimo cha HbA1c kwenye karatasi: chini ya 5.7 ni salama, 6.5 kwenda juu ni kisukari, kisha akaniwekea nukta yangu karibu kabisa na ule upande mbaya. Dawa hakunipa. Alinipa miezi sita nibadilishe chakula na nitembee, halafu nirudi.

Mama yangu mzazi aliuvuka mstari huo zamani. Alikatwa mguu, na miaka yake miwili ya mwisho kila nikienda Vihiga nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kanisani. Anayezijua njia za Maragoli anajua ni vilima na mawe. Sitaki Atieno aje anisukume mimi.

Vipimo vya kuanzia: uzito kilo 89, urefu sentimita 161, kiuno inchi 41. Kiuno nimepima kwa futikamba ya kazini, usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi. Nitapima hivyo hivyo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Sasa kuhusu mwaka jana. Nilisikia watu wakisema acha wanga wote, nami nikaacha wote Jumatatu moja: ugali, mkate, chapati, viazi, hata ndizi. Siku ya tatu kichwa kilikuwa kinapasuka, usiku misuli ya miguu inakaza, na watoto wakawa wananikwepa. Siku ya sita nilikula chapati nne nikiwa nimesimama jikoni. Mhudumu wa lishe ndiye aliyenieleza juzi kilichonipata. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inaisha, maji yanatoka, na chumvi inatoka nayo. Kichwa kile kiliuma kwa kupungukiwa maji na chumvi. Na zile kilo tatu nilizoshangilia nyingi zilikuwa maji.

Kwa hiyo safari hii ni hatua moja moja: sukari kwanza, unga wa ngano pili, ugali mwisho. Ugali sijaupangia tarehe.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu kliniki. Kwetu mtu akisema hajala, anamaanisha hajala ugali. Anaweza kuwa amemaliza samaki mzima na bakuli la mboga, bado atakuambia hajala. Samaki, nyama, kuku, majani, vyote tunaviita mboga au kitoweo, yaani vitu vya kuusindikiza ugali ushuke. Mradi wangu wote ni kugeuza mpango huo: kitoweo kiwe chakula, na ugali ndio usindikize.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki hii sijapunguza kitu, nimehesabu tu. Chai vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari: vijiko 12. Kijiko kimoja ni kama gramu 4. Halafu kuna soda ya saa nane mchana, jua linapochoma bati za Kibuye. Chupa ya nusu lita ina gramu zipatazo 53 za sukari, kama vijiko 13 vingine. Vijiko 25 kwa siku, kabla ya kutafuna chochote.

Nilimsomea Baba Atieno hesabu hiyo usiku. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mama Atieno, hebu hesabu yangu pia." Yake ilikuwa kubwa zaidi.

Jumapili, 2 Machi

Kilo 88. Kiuno bado 41.

Chai sasa ni kijiko kimoja. Nilishuka kutoka vitatu hadi viwili kwa wiki moja, kisha kimoja, na hakuna siku niliyoumwa kichwa. Tangawizi mbichi iliyotwangwa inasaidia sana, na mdalasini. Soda nimeiacha moja kwa moja. Hiyo sikuona haja ya kuipunguza polepole, kwa sababu kiu inatulizwa na maji. Nabeba chupa ya lita moja na nusu yenye maji, ndimu na chembe chache za chumvi.

Jambo ambalo sikulitegemea: maziwa yana utamu wake. Sikuwahi kuuonja maishani mwangu, ulikuwa umefunikwa.

Jumanne, 11 Machi

Ngano. Asubuhi nilizoea mandazi matatu na chai nikifungua kibanda, kisha saa nne na nusu njaa inarudi na nanunua mengine mawili. Nimejifunza kwa lile kosa la mwaka jana kwamba mahali nilipotoa kitu lazima niweke kingine, la sivyo njaa itajichagulia yenyewe. Nimeweka mayai mawili ya kuchemsha na nusu ya avokado, chumvi na pilipili juu.

Pesa: mandazi matano yalikuwa shilingi 50. Mayai mawili 40, nusu avokado 10. Ni sawa kabisa, na sishiki njaa hadi saa saba. Mwenzangu wa kibanda cha pili anasema avokado ina mafuta mengi itaninenepesha. Mafuta kweli ni mengi. Lakini kwenye gramu 100 za avokado kuna wanga gramu 8 au 9 tu, na karibu 7 kati ya hizo ni nyuzi ambazo mwili haugeuzi kuwa sukari. Ukila, shibe inakaa.

Mayai nachukua haya ya kawaida. Ya kienyeji ni matamu ila bei yake kwa mtu wa mayai mawili kila siku siiwezi. Soseji za mikokoteni sigusi, kwa sababu nataka kula kitu ninachokijua kilikuwa nini kabla hakijawa chakula.

Chapati za Jumapili bado zipo. Nakula moja, pamoja na watoto.

Jumapili, 23 Machi

Leo naandika mengi kwa sababu nimefurahi.

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Nilifunga cherehani mapema nikaenda kwa akina mama wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu hawajikusanyi kwenye taa, na bei ya sokoni inapanda. Juu ya hayo, kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa ziwa ili wazaane. Kwa hiyo nimenunua gorogoro mbili nzima leo, yale makopo ya kupimia, kabla ya kufungwa. Niliingiza mkono hadi chini ya gunia, maana juu huwa safi na mchanga uko chini. Omena nzuri inang'aa kama fedha na ikivunjwa inalia.

Mapishi yangu: naosha kwa maji ya moto mara tatu, nakausha kwenye sufuria isiyo na mafuta mpaka ianze kutatarika, ndipo naweka mafuta kidogo, vitunguu vingi, nyanya, pilipili hoho, mwishoni maziwa nusu kikombe. Wanga uliomo ni wa vitunguu, nyanya na hayo maziwa tu. Omena yenyewe haina. Na kwa kuwa inaliwa na mifupa yake, kalsiamu iko humo humo. Zamani nilipakua vijiko vitatu vya omena pembeni ya mlima wa ugali. Leo nimepakua bakuli zima.

Halafu mgongo wazi. Kwa asiye wa huku: mbuta (sangara) wakifika viwandani minofu hukatwa ikauzwe nje ya nchi, na kinachobaki, kichwa na uti wa mgongo wenye nyama yake, kinaletwa mtaa wa Obunga kukaangwa. Watu wengi wanakiita chakula cha asiye na pesa. Mimi nasema viwanda vinatuachia sehemu tamu kuliko zote. Kichwa cha mbuta kina mafuta, kina nyama ya mashavu, na supu yake ukiiacha ipoe inaganda. Ila sinunui kilichokaangwa tayari, kwa sababu yale mafuta ya karai yametumika hadi yamekuwa meusi. Naenda asubuhi nachukua kibichi, nachemsha mwenyewe na tangawizi, nyanya na dhania. Vichwa viwili vinatosha nyumba nzima.

Jumapili, 6 Aprili

Kilo 86.4. Kiuno 40.

Ugali. Niliazima mizani kwa jirani anayeoka keki. Usiku wa kawaida tunasonga kilo moja ya unga kwa watu watano. Sehemu yangu iliyopikwa ilikuwa gramu 610. Kama thuluthi moja yake ni unga na mbili ni maji, basi nilikuwa nakula unga gramu 200, na unga wa mahindi kwenye kila gramu 100 una wanga gramu 75 au zaidi. Gramu 150 za wanga kwa mlo mmoja wa usiku, kisha nalala. Mhudumu wa lishe aliniambia wengi wakisema chakula chenye wanga kidogo wanamaanisha chini ya gramu 130 kwa siku nzima.

Kuna kibakuli cha plastiki alichotumia Atieno kula uji akiwa mdogo. Kinachukua gramu 200 za ugali, yaani wanga gramu 50 hivi. Tangu Jumatatu nakula vibakuli viwili. Nachovya kibakuli kwenye maji, najaza, nakipindua juu ya sahani, ugali unatoka umbo zuri kama wa hotelini. Watoto wote sasa wanataka wao pia wapinduliwe.

Usiku wa kwanza nilitafuta ugali kwa mkono nikakuta umekwisha na samaki bado yuko. Nilikaa nikimtazama. Sijui nilizoea kufikiri nini, lakini sikuwahi kukaa mezani na samaki asiye na ugali. Nikamla hivyo hivyo, kwa vidole, taratibu, nikichambua miiba. Alikuwa ngege (tilapia) wa kuchemsha. Nilimsikia ladha kuliko siku zote.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumerudi kutoka kwetu Vihiga, Pasaka. Mambo hayakwenda kama nilivyopanga na nayaandika yote.

Shangazi yangu, ninayemwita Senge, alichinja jogoo. Kwetu Waluhya kuku wa mgeni si jambo dogo. Kumchinja ni kusema umefika. Ugali ukaletwa, mkubwa, wa moto, na mimi nikawekewa kipande cha kutosha watu wawili. Nikamwambia, "Senge, mimi kidogo tu, daktari amenikataza." Akaweka sahani chini.

"Mwanangu, kuku bila ugali analiwa na nani? Nani amekuambia mwili wako umechoka chakula cha nyumbani?"

Hakukasirika. Aliogopa. Yeye ndiye aliyemwosha mama yangu mwisho, na kwake mtu anayekataa chakula ni mtu anayekwenda. Nilikula ugali wote, na kuku, na siku ya pili nikala tena, na mchele wa Pasaka, na mkate wenye majarini, na chai aliyoitia sukari yeye mwenyewe.

Jana jioni kabla hatujaondoka nilikaa naye jikoni, tukichambua mrenda, nikamweleza polepole. Nilimwambia zile namba. Nilimwambia kwamba ninachokikimbia ndicho kilichomuua wifi yake, mama yangu. Akauliza, "Kwa hiyo kuku unaweza?" Ninaweza, Senge. "Mrenda?" Hata sufuria nzima. "Maziwa?" Ninaweza. Akafikiri. "Basi wewe mwaka ujao nitakuchinjia wawili."

Nimeelewa kwamba nilipaswa kumweleza kwa simu kabla ya kwenda. Mwenyeji akishapika, mazungumzo yamechelewa.

Jumapili, 4 Mei

Kilo 85.3. Kiuno 39. Pasaka haikuharibu chochote cha maana.

Kibakuli kimoja cha ugali sasa. Chapati za Jumapili zimekuwa za kila wiki ya pili, kwangu, watoto wanaendelea. Tatizo la wiki mbili hizi limekuwa choo kigumu. Nilikuwa nimeongeza nyama na mayai, mboga za majani zikabaki zile zile za kusindikiza. Nimeongeza maji na nimeongeza majani mara tatu ya zamani, na siku nne baadaye mambo yalikuwa sawa.

Mvua imesaidia. Februari fungu la managu lilikuwa dogo na limenyauka. Sasa mvua ya masika imejaza soko kwa osuga (ndiyo hiyo managu), saga, mrenda, kunde, mito, hata terere ambayo wakati mwingine hainunuliwi, inachumwa tu pembeni ya ua. Na hapa ndipo mama mkwe, Dani wa watoto, ameingia kwenye mradi huu kwa nguvu. Alifika Ijumaa kutoka Seme na mfuko wa dek, ile tunayoiita saga, akaniambia, "Nyar Maragoli (binti wa Maragoli), wewe unapika mboga kama mtu mwenye haraka ya kwenda stendi."

Alinifundisha hivi. Dek na osuga zinachemshwa, maji ya kwanza yenye uchungu yanamwagwa. Zinarudi kwenye chungu na maziwa, zinachemka polepole mpaka maziwa yanyonywe. Zinalala. Kesho yake maziwa tena, moto tena, zinalala tena. Siku ya tatu unaweka samli kidogo na chumvi, basi. Uchungu umeisha, imebaki ladha nzito ambayo siwezi kuieleza vizuri. Magadi hataki kusikia, anasema yanaua mboga. Nilikula bakuli mbili nikasahau kupindua ugali.

Anasema utotoni mwake ugali wao ulikuwa wa mtama na wimbi, mweusi, na kipande kilikuwa kidogo kwa sababu kusaga kwa jiwe ni kazi. Samaki ndiye aliyekuwa mwingi. Nilimsikiliza nikaona kwamba ninayojaribu si mageni kama nilivyodhani.

Jumatano, 14 Mei

Kwa sababu ya maneno ya Dani nimejaribu ugali mweusi. Watu wengi wanaamini mtama na wimbi havina sukari, ndiyo maana wenye kisukari wanashauriana kula bila kipimo. Nina kipima sukari cha nyumbani nilichonunua Machi. Vijiti vyake ni ghali kwa hiyo navitumia kwa mpango. Nimepima saa mbili baada ya kuanza kula, siku tofauti, kitoweo kile kile cha omena na sukuma wiki:

Ugali mweupe, vibakuli vitatu kama zamani: 9.1.
Ugali mweusi, vibakuli vitatu: 8.5.
Ugali mweupe, kibakuli kimoja: 7.2.
Kibakuli kimoja, lakini mboga na omena kwanza, ugali mwisho: 6.7.

Ni mwili mmoja, wangu, na kila jaribio mara moja tu. Lakini kwangu imenionyesha kwamba wingi unazidi rangi. Unga wa wimbi una nyuzi zaidi na madini zaidi, naupenda, ila wanga wake haupishani sana na wa mahindi. Nitakula mweusi, kwa kibakuli kile kile. Na nimeanza kula mboga kwanza kila mlo.

Jumamosi, 17 Mei

Leo jambo zito. Mwenzangu wa vibanda vya mitumba, ambaye ana kisukari na anajidunga insulini asubuhi na jioni, aliniambia kwa furaha kwamba kuanzia Jumatatu anaacha ugali kama mimi. Nilisimamisha cherehani.

Nilimwambia, "Dada, tafadhali, usianze kabla hujaongea na kliniki." Kipimo cha insulini yake kimepangwa kwa ugali anaokula. Akiuondoa ugali na kudunga kiasi kile kile, sukari itaanguka. Ikishuka chini ya 4 atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, na usiku akiwa amelala anaweza asiamke. Ni hivyo hivyo kwa vidonge vinavyoilazimisha kongosho kutoa insulini. Yeye anaweza kupunguza wanga, na huenda ukamfaa kuliko mimi, lakini dawa na chakula lazima vishuke pamoja, mbele ya mtu anayejua kuzipima. Alinuna kidogo, akidhani namnyima. Nimeahidi kwenda naye Jumanne. Niliandika pia kwenye karatasi dalili za sukari kushuka nikambandikia ndani ya kibanda, na nikamwambia aweke glukosi au soda moja karibu wakati wote.

Naandika haya hapa ili yeyote atakayesoma shajara hii asichukue kibakuli changu akaacha sehemu hii.

Jumapili, 1 Juni

Kilo 84.9. Kiuno 39, hakijasogea.

Sikukuu ya Madaraka mwaka huu imefanyika Homa Bay na kwa wiki mbili nimeshona sare za vikundi vitatu vinavyokwenda huko. Tumeshona hadi saa sita usiku. Mandazi yamerudi, chai ya vijiko viwili imerudi, kwa sababu mtu akileta kazi usiku analeta na mandazi. Usingizi ukikosekana njaa yangu inataka vitamu peke yake. Mayai niliyachemsha na yakabaki. Kazi imelipwa vizuri. Kesho naanza tena pale pale nilipoishia, kibakuli kimoja, wala sirudi mwanzo.

Nimejaza chupa ya karanga za kuchoma na kuiweka ndani ya droo ya cherehani kwa ajili ya kazi nyingine ya usiku.

Jumapili, 6 Julai

Kilo 82.7. Kiuno 37½.

Mwezi mzuri. Nusu kibakuli usiku, mchana hakuna ugali kabisa: nabeba chakula kwenye hoti poti, mara nyingi mboga za Dani na kipande cha samaki au maini. Maharagwe nakula kijiko kikubwa kimoja au viwili. Yana wanga wake lakini pia nyuzi nyingi, na siwezi kuishi bila maharagwe. Viazi vitamu na nduma ni vya Jumapili. Nikihesabu kila kitu, na maziwa ya chai yakiwemo, niko kati ya gramu 90 na 110 kwa siku. Natembea kwenda Kibuye kupitia Kondele, dakika 35, na pikipiki nimeiachia siku za mvua.

Sasa pesa, kwa sababu kila anayeniuliza anauliza hilo. Nimeweka risiti na maandishi ya Juni. Matumizi ya chakula cha nyumba nzima yamepanda kutoka shilingi 14,200 za Februari hadi 15,350. Unga, sukari, mkate na soda vimeshuka. Mayai, maziwa na mboga vimepanda. Samaki hakupanda sana kwa sababu ya mgongo wazi na ile omena ya Machi, ambayo bado ipo kidogo. Bila vitu hivyo viwili nisingeweza, nasema wazi. Mtu akisikia chakula cha namna hii anafikiria nyama choma na jibini. Kwa mfuko wangu ni vichwa vya samaki, omena, mayai, matumbo, na majani ya msimu.

Watoto sijawakatia ugali. Wanakua, wanacheza mpira mchana kutwa, na daktari hakusema neno juu yao. Walichopoteza ni soda na sukari ya chai, na kila mmoja anakula mboga zaidi kwa sababu sufuria ya mboga ndiyo kubwa sasa.

Baba Atieno amebaki na ugali wake, mdogo kidogo. Yeye hajali namba zangu. Kilichomgusa ni kwamba siku hizi sikoromi.

Jumapili, 10 Agosti

Kilo 81. Kiuno 36½.

Majibu ya maabara nilichukua Alhamisi. Sukari ya asubuhi 5.6. HbA1c asilimia 5.8. Daktari alitoa ile karatasi ya Februari, alikuwa ameihifadhi kwenye faili, akachora nukta ya pili. Iko karibu na mwanzo wa ile sehemu ya kati, bado haijatoka. Shinikizo la damu pia limeshuka. Nirudi Februari.

Mwenzangu wa mitumba kliniki walimpunguzia insulini mara mbili tangu Mei. Anakula kibakuli kimoja. Karatasi yangu bado amebandika.

Nilimpigia Senge simu jana nikamsomea namba zote. Akaniambia nirudie ile ya mwisho. Nikairudia. Akasema vifaranga vinaendelea vizuri.

Msimu wa omena umefunguliwa na leo nimechukua gorogoro mpya. Bei bado juu, nitasubiri mwezi ufifie ndipo ninunue ya pili. Kitu kitakachofuata ni usiku wa kazi nyingi, maana Desemba inakuja na sare za shule baada yake, na sijapata jibu zuri zaidi ya karanga.

Kuna kitenge cha bluu nilichonunua miaka miwili iliyopita kikakaa kabatini, kwa kuwa sikutaka kukikata kwa kiuno cha wakati ule. Nimekikata leo mchana. Kiuno inchi 36½, mikono mifupi, mfuko mmoja. Nimeacha upindo wa inchi mbili pande zote, kama ninavyomwachia kila mteja.